Wageni Waje Siku ya Kufunga

Siku mwamba ulipofunguliwa, wanawake walikuwa pwani tangu saa moja asubuhi. Kanga wamezikaza viunoni, viatu vya mpira miguuni, kila mmoja na ndoo yake na mchokoo wake wa chuma. Pembeni walikaa vijana wa miwani na mikuki, ngalawa zao zimeshashushwa majini. Nyuma ya wote hao, chini ya turubai lililofungwa baina ya minazi, vilipangwa viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na spika mbili zilikuwa zikipiga taarabu kijiji kizima kikasikia.

Miezi mitatu hakuna aliyegusa pweza pale. Maboya yaliuzunguka mwamba, kamati ya uvuvi ya shehia ilifanya doria usiku kwa zamu, na aliyekamatwa alitozwa faini. Sasa miezi imetimia, bamvua limefika, maji yanakupwa, na watu wote wameipa bahari mgongo, wanatazama barabara. Mgeni rasmi alikuwa njiani.

Alifika saa nne na robo. Katika pwani ya Pemba, siku za bamvua, saa hiyo ndiyo maji yameshuka mpaka mwisho wake. Zikafuata dua, risala, shairi la watoto wa skuli, salamu za wafadhili, kisha hotuba. Utepe ulipokatwa, maji yalikuwa yameshaanza kurudi.

Sikitaji kijiji, kwa sababu lililotokea pale linaweza kutokea katika kijiji chochote, na waliolifanya hawakukusudia ubaya. Lakini naipenda mno sherehe hii, siwezi kunyamaza. Siku nyingi za mazingira nilizohudhuria, mti hupandwa, picha hupigwa, watu wakarudi nyumbani na fulana. Hii ya pweza mtu hurudi na kitoweo, na hukipata kwa sababu yeye mwenyewe na jirani zake walikubali kujinyima.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe, pweza wa mwambao wetu ni kiumbe wa haraka. Huishi mwaka mmoja hivi, ni nadra kupita mwaka na nusu. Akiwa bado mchanga, mwezi mmoja hivi wa kuachwa unatosha kumzidisha uzito mara mbili. Kwa hiyo mwamba ukifungwa miezi mitatu, uliyemwacha akiwa na nusu kilo unaweza kumkuta ana kilo mbili au tatu. Wavezo wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, walijaribu kufunga mwaka 2004 wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures. Habari ikavuka bahari. Katikati ya miaka ya 2010 Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nacho kikafunga kwa msaada wa Mwambao Coastal Community Network, na vijiji vingine vya Pemba na Unguja vikafuata.

Jioni ya pili baada ya kufungua tulikaa barazani karibu na diko, chini ya mkungu. Alikuwapo mama wa miaka sitini na kitu ambaye amekwenda mwambani tangu hajavunja ungo. Hapa nitamwita Mchokoaji. Alikuwapo mtoto wa kaka yake, Mzamiaji. Alikuwapo Katibu wa kamati ya uvuvi, mwalimu mstaafu. Na alikuwapo Mchuuzi, anayekusanya pweza kwa niaba ya kampuni ya mbali. Niliwauliza swali moja: sherehe ya kufungua mwamba inauhifadhi mwamba, au inaumaliza?

KATIBU: Nianze mimi, maana lawama zote za juzi zimeiangukia kamati. Mnaukumbuka mwaka wa kwanza tulipolileta jambo hili? Watu walisema tumeuza bahari. Walisema kuna mtu anataka kujenga hoteli, ndiyo maana tunafukuzwa mwambani. Mkutano ulivunjika mara mbili. Kilichowageuza watu si maneno yangu, ni siku ile ya kufungua. Walimwona pweza ametundikwa kwenye mizani, minyiri yake inagusa mchanga. Shehia jirani walikuja kutazama tu, na msimu uliofuata wakafunga mwamba wao. Iondoeni sherehe, kisha mtafute nani atakubali kujinyima tena.

MCHOKOAJI: Mwalimu, hakuna aliyesema sherehe iondolewe. Mimi nasema ilikula maji yangu. Bamvua zuri linanipa saa mbili, mbili na nusu, za kutembea mwambani. Hakuna wa kuniongezea ya tatu. Ya kwanza iliondoka na kumngoja mgeni na hotuba. Huyu mwanangu ana miwani na ngalawa. Maji yakijaa yeye anazama. Mimi yakinifika kiunoni nishakwisha, sioni tena shimo.

Nakatiza hapa, maana asiyewahi kufuatana na mchokoaji anaweza kudhani pweza huokotwa kama kombe. Asubuhi ile nilimfuata huyu mama kwa muda mchache uliobaki. Alitembea ameinama kidogo, hakutazama mbali, na mara akasimama mahali ambapo mimi niliona mawe tu. Akanionesha: vijiwe vitatu vimesogezwa pamoja, vipande vya ganda la kaa vimetupwa kando, vingali vyeupe. "Kala jana usiku," aliniambia. Akaingiza mchokoo pole pole, bila kuchoma, kama mtu anayebisha hodi. Chuma kikashikwa. Hakuvuta. Alingoja mpaka mnyiri wa pili ulipokizunguka, halafu akazungusha mkono mara moja, na maji yakawa meusi kwa wino. Alimtoa amemzonga mpaka kiwikoni. Alipomgeuza kichwa na kumtia ndooni, mkono wake ulibaki na mistari ya viduara vyekundu. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya tano maji yakawa yameshafika mapajani. Akatazama upande wa mwamba ambao hakuufikia, akafunga ndoo kwa upande wa kanga, akarudi.

MZAMIAJI: Shangazi, nakuheshimu, lakini niseme na langu. Nani aliyelala ngalawani usiku miezi mitatu? Ni sisi. Usiku wa kiza ndio wezi wanakuja, tena wanakuja na taa wamezifunika. Tumekwenda doria mafuta tukichanga wenyewe, na hakuna aliyetulipa. Leo ikisemwa wanawake waingie kwanza, mimi nitawaambia nini wenzangu? Kwamba tulinde, kisha tukae tutazame?

MCHOKOAJI: Na mimi niliyekaa nyumbani miezi mitatu sikulinda? Mwamba wa karibu ukifungwa, wewe unakwenda mwamba wa nje. Ngalawa unayo, upepo unao. Mimi naufikia huu mmoja tu, wa miguu. Mkiufunga mnakuwa mmefunga mlango wangu, na madirisha sina.

MZAMIAJI: Una mwani.

MCHOKOAJI: Mwani nao unataka bamvua hilo hilo, baba. Siku ninayofunga kamba za mwani ndiyo siku ninayokosa pweza, na bei ya mwani unaijua.

Kijana hakujibu. Hoja ya doria ni nzito, nami sitaki ipotee, lakini ya shangazi yake ina jambo ambalo taarifa za mradi hulipita haraka. Gharama ya kufunga haigawanyiki sawa. Mwenye chombo huhamia kwengine. Anayekwenda kwa miguu hukaa. Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, walipofunga pweza kwa mara ya kwanza mwaka 2012, serikali iliwapa wavuvi kazi nyingine za malipo kwa muda ule wa kufunga. Kwetu mwanamke hulipa kwa kukosa, na siku ya kufungua ndiyo anayotegemea kufidia. Saa moja ya kungoja na hotuba imetoka katika fidia hiyo.

MCHUUZI: Mnazungumza nani aingie kwanza. Mimi ninayempokea pweza niseme ya mizani. Siku ya kawaida hapa napata masanduku mawili, matatu. Juzi kabla ya adhuhuri yalikuwa yamejaa yote niliyonayo, na barafu naileta kutoka mjini. Watu wananipigia kelele bei imeshuka. Bei siipangi mimi, inakuja kwa simu. Nikiwaambia kuna mzigo mkubwa, wanashusha, kwa sababu wanajua hamna pa kumweka. Mkifungua kwa kishindo kimoja, mnamwuzia bei mnunuzi. Hiyo ndiyo mnayoiita pweza kujipalia makaa.

KATIBU: Kwa nini hukutwambia mapema?

MCHUUZI: Mwalimu, niliitwa kudhamini maji ya kunywa. Sikuitwa kwenye kikao.

Maneno hayo niliyaandika yalivyo. Katika kamati ya maandalizi walikuwapo watu wa mapambo, wa chakula, wa mapokezi na wa ulinzi. Aliyejua pweza wangapi wanaweza kugandishwa kwa siku aliombwa chupa za maji.

Tena kuna jambo la siku zinazofuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia ufungaji 36 katika vijiji vya Madagaska. Katika siku 30 za mwanzo baada ya kufungua, uzito wa pweza waliovuliwa kwenye maeneo hayo ulipanda kwa zaidi ya mara saba, na alichopata mvuvi mmoja kwa siku kilikaribia kurudufu. Ni habari njema, na ndiyo inayosomwa katika risala. Lakini huko huko Madagaska ilionekana pia kwamba vyombo vikimiminika siku za mwanzo, neema huisha ndani ya siku chache. Miezi mitatu ya subira ikaliwa wiki moja.

MZAMIAJI: Na wengi walioimaliza juzi si sisi. Nilihesabu vyombo nisivyovijua. Watu wa dago, watu wa shehia za mbali, wote walisikia tangazo redioni. Wao hawakulinda hata usiku mmoja. Sherehe ndiyo iliyowaita.

KATIBU: Bahari haina ukuta, mwanangu. Watoto wa pweza wakianguliwa huchukuliwa na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua. Huenda wa kwetu wanakulia kwao na wa kwao wanakulia kwetu. Tukianza kufukuzana, kila mmoja atabaki na mwamba mtupu.

MZAMIAJI: Basi wafunge na wao.

KATIBU: Watafunga wakiona faida. Wataionaje wasipokuja?

Hapa mwalimu alikuwa na haki, na kijana alikuwa na haki, na sioni kama tangazo la redio linaweza kuwaridhisha wote wawili. Mimi ningelifuta. Jirani huitwa kwa mdomo, kwa jina la shehia yake, ili akija aje kama mgeni wa mtu.

Kulikuwa na zawadi pia: doti ya kanga, ndoo na godoro kwa atakayeleta pweza mzito kuliko wote. Zawadi ilichukuliwa na mzamiaji mmoja, pweza wake akapita kilo nne. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga. Usiku nikakumbuka kwamba pweza wakubwa namna ile mara nyingi ni majike, na jike la uzito ule huwa limekaribia kutaga. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Nikaliuliza barazani.

MCHOKOAJI: Hilo bibi yangu alilijua bila kusoma. Jike likiingia kutaga halitoki tena shimoni. Mayai linayatundika juu ya pango kama vishada vya mtama, linayapulizia maji, hali kitu mpaka yaanguliwe. Yakianguliwa, nalo linakufa. Bibi akilikuta shimo la mayai alilifunika kwa jiwe akapita. Alikuwa akisema, huyo ana mgeni ndani, usibishe.

MZAMIAJI: Sasa zawadi apewe nani?

MCHOKOAJI: Apewe aliyepita.

KATIBU: Aliyepita hana cha kutundika kwenye mizani, bi mkubwa.

MCHOKOAJI: Basi msitoe zawadi. Aliyepata pweza wa kilo nne kwishapata zawadi.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na Mchuuzi alisema naye hampokei aliye chini ya nusu kilo. Mdogo analindwa na mizani. Mama mwenye mayai anamkuta mtu anayengojwa na godoro.

Nilidhani mjadala umefika mwisho wake, mpaka lilipoingia suala la chakula, na hapo ndipo sauti zilipopanda.

Juzi, baada ya hotuba, wageni waliandaliwa chakula. Sinia zilipitishwa mbele yetu: wali wa mapembe, kuku wa barafu aliyetoka ng'ambo, soda, tufaha zimekatwa robo robo. Kwenye bango lililokuwa juu ya vichwa vyetu yaliandikwa maneno ya kuhimiza chakula cha asili. Wakati huo huo pweza walikuwa wanapita nyuma ya turubai, ndoo kwa ndoo, kwenda kwenye masanduku ya barafu. Pweza wa kwetu kutoka kwenye masanduku hayo huishia mbali, hata Ulaya. Sikuona kipande kimoja kilichoingia katika chungu cha sherehe ile.

MCHOKOAJI: Nilimvua, nikampima, nikamwuza, halafu nikapewa paja la kuku lililosafiri kuliko mimi. Sijapata kuvuka Unguja, mwalimu. Kuku wenu kavuka bahari mbili.

KATIBU: Tungewapa nini wale wakubwa? Muhogo?

MCHOKOAJI: Ndiyo, muhogo!

KATIBU: Ingekuwa aibu. Watu wametoka mjini, wengine wametoka nje ya nchi. Wangesema kijiji hiki kina njaa.

MCHOKOAJI: Aibu ya nini? Wewe ulisomeshwa kwa muhogo. Mama yako nilikuwa nikimwona, akichemsha muhogo kwa tui, anaweka na pweza mkavu, na ninyi saba mkala mkashiba. Sasa umekuwa mwalimu, umekuwa katibu, sahani ya mama yako imekuwa aibu?

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakukasirika. Alisema taratibu kwamba mama yake alikuwa pia akiwakataza kula nje ya nyumba wakati wa muhogo, ili jirani asione. Nimelifikiria sana neno hilo. Aibu hii mwalimu hakuianza. Aliirithi pamoja na chakula chenyewe. Tumekulia katika nyumba ambazo wali ulipikiwa mgeni na muhogo ukaliwa mlango umerudishwa. Kuweka bango la chakula cha asili hakuiondoi aibu hiyo. Mgeni rasmi akikaa mkekani akala muhogo, mbele ya watoto wa skuli, itaanza kuondoka.

Na muhogo wenyewe, ukipikwa na anayeujua, ni chakula cha kumwekea mtu yeyote. Jioni ile ya barazani mama huyu alikuwa ameweka pweza mmoja, hakumpima wala hakumwuza. Alikuwa amempiga juu ya jiwe la uani mpaka akalegea, akamchemsha kwa maji yake mwenyewe, bila kuongeza hata kikombe, mpaka ngozi ikawa rangi ya zambarau na mnyiri ukawa unakatika kwa kijiko. Tui la pili likatangulia na kitunguu, bizari na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Tui la kwanza likaingia mwishoni, moto umepunguzwa, anakoroga upande mmoja ili lisikatike. Ndimu alikamua baada ya kuepua. Mchuzi ukamwagiwa muhogo uliopasuka. Tulikula kwa mkono, sahani moja watu watano, na kwa dakika kadhaa mjadala ulisimama.

MCHUUZI: Nitawaambia kitu. Kila wiki napakia pweza. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimemla.

MCHOKOAJI: Kwa sababu unamhesabu kwa kilo. Kula.

Niliwauliza basi wangefanyaje wao, kama sherehe ijayo ingekuwa mikononi mwao peke yao. Katibu alitaja mambo ya busara: mgeni rasmi aambiwe saa ya maji, kwa maandishi, tena mapema, asipofika, dua isomwe na watu waingie. Mchuuzi alitaka mwamba ufunguliwe kipande kwa kipande, ili apate kuleta barafu ya kutosha na bei isianguke. Nayakubali yote mawili. Lakini lililonifanya niandike makala hii alilisema Mchokoaji, tena bila kupandisha sauti, huku akikusanya miiba ya samaki wa jana iliyobaki mkekani.

MCHOKOAJI: Kwa nini wageni wanakuja siku ya kufungua? Siku ya kufungua siwahitaji. Siku hiyo nina ndoo, nina mchokoo, nina maji yangu, niacheni. Waje siku ya kufunga.

KATIBU: Siku ya kufunga hakuna cha kuwaonesha.

MCHOKOAJI: Kuna mimi. Siku hiyo naweka mchokoo juu ya dari na sijui watoto watakula nini kesho kutwa. Siku hiyo ndiyo nataka mkubwa akae hapa anitazame. Kama ana la kusema kuhusu mazingira, aniambie siku ninapotoa. Siku ninapopokea, najua mwenyewe.

MZAMIAJI: Wapiga picha hawatakuja, shangazi.

MCHOKOAJI: Wasije.

KATIBU: Wafadhili wanataka kuona matokeo, bi mkubwa. Nikiandika taarifa bila picha ya pweza kwenye mizani, mwaka ujao sipati mafuta ya doria.

MCHOKOAJI: Mizani piga picha siku ya kufungua, wewe na simu yako. Hiyo haihitaji turubai.

Nimelizungusha wazo hili kwa wiki kadhaa na kila nikilizungusha linazidi kusimama. Siku ya kufunga haigombani na maji. Haina mzigo wa kuangusha bei, haina vyombo vya mbali, haina godoro la kumtafutia jike mzito. Inawakutanisha watu wakati ahadi inapotolewa, kila mmoja akamwona mwenzake akiitoa, na usiku wa kiza ukifika, mwenye kushawishika kwenda kuiba anajua mbele ya nani alisimama. Na mkubwa wa serikali akiwapo siku hiyo, anaweza kuulizwa jambo la maana: mafuta ya doria yatatoka wapi, na mwanamke wa miguu atashika nini kwa miezi mitatu. Siku ya kufungua maswali hayo yameshapitwa.

Makunduchi, huko Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai, watu hufanya sherehe ya Mwaka Kogwa. Wageni hujaa. Lakini wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, banda la makuti huchomwa moto, na mgeni hulishwa alichopika mwenyeji. Sherehe ina wenyewe, na mgeni huja kuikuta. Hata hii ya pweza, changa kama ilivyo, inaweza kuwa na wenyewe.

Limebaki la zamu, nalo halijaisha.

MZAMIAJI: Sawa, tuseme wageni waje siku ya kufunga. Ya kufungua ibaki yetu. Bado hamjanijibu nani anaingia kwanza.

MCHOKOAJI: Maji ya kwanza ya miguu. Nyinyi muingie kesho yake.

MZAMIAJI: Na doria?

MCHOKOAJI: Kila ndoo itakayotoka siku hiyo itatoa pweza mmoja wa doria. Auzwe, fedha iwekwe ya mafuta. Na usiku wa mbalamwezi, maji yakiwa yamekupwa, sisi tutatembea pwani tuwatazamie. Macho tunayo.

MZAMIAJI: Mmoja hatoshi. Wawili.

MCHOKOAJI: Mmoja, mkubwa.

MZAMIAJI: Nitawauliza wenzangu. Sisemi ndiyo.

KATIBU: Liletwe kikaoni Ijumaa, baada ya sala. Na Mchuuzi aje.

MCHUUZI: Nitakuja.

Kiza kilikuwa kimeshaingia. Kutoka barazani tulisikia maji yakigonga ukuta wa diko. Kijana alisimama, akakung'uta suruali, akachukua sahani kumsaidia shangazi yake, halafu akageuka mlangoni.

MZAMIAJI: Siku hiyo ya kufunga, mtawapikia nini hao wageni?

MCHOKOAJI: Muhogo, majimbi, na pweza wa mwisho tuliyemvua asubuhi.

KATIBU: Na hotuba itakuwa saa ngapi?

MCHOKOAJI: Maji yakijaa.